Kipengele cha 4: nani mwenyeji hapa?

Hii stori ilianzia kwa tangi la maji, nisiwadanganye ati tulikuwa tumeketi kujadili historia. Ploti yetu huku Satellite, Riruta, ina nyumba 23, maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki yakijisikia, siku hizo zingine tunachanga tunaita lori. Anayeshika pesa ya lori pamoja na ufunguo wa tangi ni mwenyekiti wa welfea, chama chetu cha ploti, sasa mwenyekiti wa zamani akahama ghafla na hesabu akahama nayo, tukasema basi tuandike katiba, kurasa mbili tu, watu wawache kuulizana maswali kwa ngazi. Katibu ni mimi. Sikuomba, ni vile tu mwandiko wangu unasomeka.

Kipengele cha 4 kililetwa na Guka, mzee wa Kikuyu wa nyumba ya kona, kimeandikwa kwa biro nyekundu nyuma ya bahasha: "Mwenyekiti lazima awe mwenyeji." Nikakisoma haraka haraka nikitaka kufika cha 5, kile cha faini, juu hapo ndo nilitarajia vita. Haboba wa namba 9, nyanya wa Kinubi aliyezaliwa Kibra, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kuuliza bei ya sukari, "Katibu mwanangu, mwenyeji ni nani?" Hatukufika cha 5 usiku huo.

Guka akasema swali gani hilo, ardhi yote kutoka hapa mpaka Waithaka wazee wake waliinunua kwa mbuzi, haikuokotwa. Ole, Mmaasai, soja wetu wa geti, alikuwa amekuja kuchukua thamosi yake ya chai, akasimama mlangoni rungu kwapani akauliza kwa upole kabisa, "Na hilo jina Nairobi ni la lugha gani, Guka?" Jamaa wa hadwea, ambaye ni Mgujarati lakini Kikuyu chake kinanishinda mimi, akasema babu ya babu yake alikuja na reli na kabla ya reli hapa kulikuwa na vyura tu. Haboba akasema watu wake walikuwa Kibra wakati Guka hata hajui kupangusa, akakumbuka adabu akanyamaza. Halafu fundi wa simu wa namba 14, kijana wa Busia, hajamaliza hata mwaka hapa, akaona moto hautoshi, ati shuleni walifunzwa Wabantu wote walitoka Kameruni, kwa hivyo Guka naye ni wa kuja kama yeye, ni vile tu alipanda basi la mapema.

Kelele. Mama wa namba 3 ndo alituokoa, akasema katibu si huendesha watalii, huwa anawaambia nini hao wageni wake kuhusu nani alikuwa wa kwanza? Nikapewa wiki mbili nilete jibu, posho hakuna.

Ni kweli naendesha van ya watalii, mwaka wa 11 sasa, na dereva husubiri sana, ukisubiri huwa unasikiliza. Nikanunua kauntabuku, nikachora mstari katikati, upande huu nikaandika nani alisema nini, upande ule nikaandika swali moja tu ambalo hakuna mtu aliuliza usiku ule: huyu anaanzia hesabu mwaka gani? Kisa chote kiko kwa huo upande wa pili. Kila mtu pale alikuwa anasema ukweli, shida ni kila mtu aliwasha saa siku babu yake alishuka.

Jamaa wa hadwea ndo rahisi. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa 1899, vibarua karibu 32,000 walitolewa India, kama 2,500 wakafa njiani kwa magonjwa na ajali (simba wa Tsavo ndo walipata sifa ingawa magonjwa yaliua wengi zaidi), wengi wakarudi kwao, karibu 6,700 wakabaki. 2017 serikali ikawatambua Wahindi wa Kenya kama kabila la 44. Akisema babu yake alikuta vyura, sawa, palikuwa kinamasi kweli, lakini karani wa reli akiandika "hakuna mtu" anamaanisha hakuna mtu aliyemwona asubuhi hiyo akishuka.

Haboba naye hesabu yake ni ya mji, si ya ardhi. Babu zake walikuwa askari kutoka Sudan, wakatumikia Waingereza, wakapewa msitu wa Kibra wakae, kibra kwa Kinubi ndo huo msitu wenyewe, na 1918 eneo likatangazwa rasmi, ekari 4,197. Sasa sikiza: hati walikuja kupata 2017 na ilikuwa ya ekari 288. Miaka karibu mia moja katikati waliishi kama wapangaji wa serikali, vijana wao wakienda kuchukua kitambulisho wanapigwa msasa kama wageni. Kwa hivyo huyu nyanya akiuliza "mwenyeji ni nani" hakuwa anafanya fujo, hilo swali ameulizwa yeye maisha yake yote, na mara hii akaona aulize yeye.

Ole nikampa muda zaidi juu kwa sura yake ndo alikuwa na kesi safi. Enkare Nairobi, maji baridi, hiyo hakuna anayebisha. Na ukitoka hapa na gari kila upande unasoma Kimaasai kwa kibao, Ongata Rongai, Ngong, Kajiado ambayo ni Olkejuado, ule mto mrefu, Naivasha ambayo ni Enaiposha. 1904 Waingereza waliwawekesha Wamaasai sahihi ya kidole watoke Bonde la Ufa, nusu wakapelekwa Laikipia, 1911 wakawekeshwa nyingine watoke tena Laikipia waende kusini, wakaenda kortini, 1913 wakatupiliwa nje. Lakini hapa nikajikwaa. Jina la kwa ramani linakuambia mwenye kalamu alipita na nani na akamwuliza nani, halikuambii nani alilala hapo kwanza. Misafara ya kutoka pwani ilikuwa inakata uwanda wa malisho, uwanda ulikuwa na Wamaasai na ng'ombe wao, majina yakaandikwa ya Kimaasai. Kama wangepita juu kwa ukingo wa msitu wangeandika mengine. Halafu Kimaasai chenyewe ni ndugu ya Kiturkana na Kibari cha Sudan Kusini, yaani nao waliteremka kutoka kaskazini na wakakuta watu kwa Bonde la Ufa.

Sasa Guka. Huyu nilimfikiria sana, na niseme wazi nilianza nikitaka ashindwe, juu biro nyekundu ilikuwa imeniudhi.

Wazee wa Kiambu husimulia hivi: waliteremka kutoka Murang'a wakavuka mto Chania, na kusini ya huo mto msitu ulikuwa na wenyewe, Waathi, wawindaji na warina asali, wengine huwaita Wandorobo. Mwenye shamba hakuweza kumwuzia mtu baki, kwa hivyo kwanza mlichinja mkafanyiana sherehe ya kuwa ndugu, Mwathi anazaliwa upya kwa ukoo wako na wewe kwa wake, ndo sasa mbuzi zinahesabiwa na mipaka inatembelewa kwa miguu. Na kabla ya Waathi, hao hao wazee wanataja Gumba, watu wafupi waliokaa kwa mashimo, wakapotea. Hayo yote si hadithi ya jikoni tu, yalipelekwa mbele ya tume ya ardhi ya Carter, ya serikali ya kikoloni, ile ilikaa kutoka 1932 ikatoa ripoti 1934, koo zikipanga mstari kueleza waliuziwa nini na nani kwa mbuzi wangapi, na tume haikuwaamini sana.

Kitu kingine kinachomsaidia Guka ni ile njaa. Miaka ya 1890 ilikuwa ni mkosi juu ya mkosi, sotoka ya ng'ombe, ndui, nzige, halafu ukame wa 1897 mpaka 1899, na watu wa sehemu hizi hizi za Dagoretti na Kabete wakafa ama wakarudi kwa jamaa Murang'a. Mzungu mwenye kutafuta shamba alifika akakuta vichaka vimemea juu ya mahame akaandika ardhi haina mtu. Ilikuwa na mtu, mtu alikuwa ameenda kutafuta chakula. Ni kama wewe uende ushago Disemba urudi ukute landilodi ameandika nje ya nyumba yako "iko wazi".

Hiyo nilimpa Guka alama zote. Lakini huyo huyo Guka ndo alijifunga. Mtu akikuonyesha risiti ya kununua amekuonyesha pia kwamba kulikuwa na mwuzaji. Kadiri anavyothibitisha mbuzi ndivyo anavyothibitisha Mwathi, hawezi kuwa mnunuzi halali na wakati huo huo awe wa kwanza, achague moja. Na ile sherehe ya kuzaliana nayo inafanya mambo yawe magumu zaidi, juu kama Mwathi alizaliwa kwa ukoo wa Guka, leo wajukuu wa Mwathi wanaitwa nani? Wanaitwa Wakikuyu, pengine ni Guka mwenyewe. Na Wamaasai ndo usiseme. Wakati wa njaa ile wanawake na watoto wa Kimaasai walikimbilia kwa Wakikuyu, upande wa Kikuyu tohara ilikuwa na makundi mawili na moja liliitwa la Ukabi, yaani la Kimaasai, Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe nyanya yake alikuwa Mmaasai na vita vya kwanza vya dunia vilipokuja akaenda kukaa kwa jamaa huko Narok asichukuliwe kwa nguvu. Hawa watu wawili walibishana kwa mlango wangu, Ole na Guka, ukiwavalisha kofia moja huwezi jua nani ni nani.

Waathi sikuwaacha hapo. Wenzao Waogiek wa msitu wa Mau walienda mahakama ya Afrika kule Arusha, 2017 wakashinda Kenya, korti ikasema ni watu asili wa msitu ule na walitolewa kimakosa, 2022 ikaongeza fidia, shilingi milioni 57.85 ya hasara na milioni 100 ya maumivu. Nikadhani hapa ndo nimefika mwisho wa kamba. Lakini lugha yao ni jamaa ya Kikalenjin, lugha ya wafugaji waliotoka kaskazini. Wayaaku wa Mukogodo, wawindaji wengine, nao wameacha chao karibu kabisa wanaongea Kimaasai. Mwindaji wa zamani huchukua lugha ya jirani mwenye ng'ombe, kwa hivyo lugha nayo haiwezi kutumika kama cheti cha kuzaliwa, na hilo lilinivunja moyo kidogo juu nilikuwa nimeshajaza kurasa sita nikipanga watu kwa lugha.

Wiki ya pili nikapata wageni wa Magadi. Ile barabara unateremka Ngong masikio yanaziba, joto linakupiga usoni kama umefungua jiko la mkate, na kilomita 70 hivi kutoka mjini unafika Olorgesailie. Palikuwa ziwa zamani, saa hii ni vumbi jeupe. Wamejenga daraja la mbao juu ya uwanja, unatembea huku unaangalia chini, na chini kuna mashoka ya mawe, si mawili matatu, mamia kwa mamia, yamelala vile yalivyoachwa. Mwelekezi ana moja la kushikisha wageni. Nikalishika. Lina umbo la tone la maji, limechongwa pande zote mbili, zito upande wa chini, na ukilizungusha mkononi kuna mahali kidole gumba kinaingia chenyewe. Waliochonga hapo walianza kama miaka 1,200,000 iliyopita wakaendelea mpaka kama 490,000, mtindo ni ule ule karibu, hata hawakuwa binadamu wa aina yetu. Baadaye, kama miaka 300,000 iliyopita, kuna wengine wakaacha hapo vipande vidogo vya lile jiwe jeusi la kioo, na hilo jiwe halipatikani hapo, lilibebwa kutoka mbali, kuna lilikotoka kilomita 90. Yaani hata huko nyuma kulikuwa na mtu wa mbali, ama mtu anayejuana na watu wa mbali.

Nikiwa ofu nikapitia makumbusho ya Nairobi kumalizia lile la fundi wa simu. Kameruni ni kweli, lugha za Kibantu zilianzia huko mpakani na Nigeria, kama miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na vyungu vyao vya Urewe vimefika karibu na ziwa Victoria kitu miaka 2,500. Ila shule ilimfundisha kama watu waliingia kwa nchi tupu na mabasi. 2019 kulitoka utafiti wa DNA ya mifupa ya watu 41 wa zamani wa Kenya na Tanzania, na picha inayotoka hapo ni tabaka juu ya tabaka: wawindaji walikuwepo, wafugaji wakaingia kutoka kaskazini, wale waliojenga makaburi ya nguzo za mawe Turkana kama miaka 5,000 iliyopita, wakachanganyika na wawindaji, wakateremka kusini miaka kama 3,300 iliyopita, halafu wakaja wengine wa upande wa Sudan, na wakulima wa Kibantu, na kila tabaka inapokuja inaoa iliyo chini. Si kila mahali ilikuwa kwa amani, mifupa haisemi nani alilazimishwa. Lakini wale wa kwanza hawakutoka, wako ndani.

Basi jioni ya miting'i nikasoma kauntabuku dakika 20, watu walikuwa kimya mpaka nikaogopa. Nikamaliza. Guka akakohoa. "Kwa hivyo katibu unasema Gumba ndo awe mwenyekiti?"

Haboba akajibu kabla yangu: "Aje, lakini achange ya lori."

Watu wakacheka mpaka mtoto wa namba 11 akaamka. Hapo hapo fundi wa simu akatoa pendekezo, na nampa heshima yake, kwamba kwa katiba hii mwenyeji ni mtu yeyote wa ploti aliyelipa welfea miezi 12 mfululizo. Yeye mwenyewe alikuwa na miezi 10. Mikono ikapigwa, 19 wakakubali, wawili wakakataa, mmoja alikuwa amesinzia.

Guka alikuwa mmoja wa waliokataa, na nikamsindikiza juu sikutaka alale na kinyongo. Tukasimama pale kwa kona yake akanionyesha kwa bakora. Babake alikuwa na ekari tano hapa. Wakagawana ndugu sita, karo ikauza kipande, hospitali ikauza kipande, harusi, kesi ya ndugu kwa ndugu, na ploti yetu yote ya nyumba 23 imesimama palipokuwa viazi vya mamake, aliyenunua ni mtu wa mbali ambaye Guka hajawahi kumwona uso kwa uso. Zamani mtu asiye na shamba angekuja kwa babake kuomba pa kulima, aliitwa muhoi, akapewa, na akawa anakuja kusalimia na pombe ya miwa. "Sasa muhoi ni mimi," akasema, "na hakuna hata anayenisalimia." Hakuwa anataka ufunguo wa tangi. Mguu umemshinda, hawezi hata kupanda ile ngazi. Alitaka aulizwe kwanza, basi. Hilo ndo kosa langu katika hii kesi yote, nilitumia wiki mbili kutafuta nani alifika lini na sikutumia hata dakika tano kumwuliza mzee kwa nini aliandika kwa biro nyekundu. Tukaongeza mstari kwa kipengele cha 9 kwamba mkutano hufunguliwa na mzee wa kona kwa maombi, akakubali, ingawa maombi yake ni marefu na tayari kuna manung'uniko.

Nikarudi getini. Ole alikuwa amekaa kwa kibanda chake, redio chini, amesikia yote kupitia dirisha. Akanifungulia mlango mdogo akaniuliza yeye amekaa hapa miaka minane, usiku na mchana, je, ni mwenyeji? Nikaanza kusema ndiyo halafu nikakumbuka kipengele vile nilikiandika kwa mkono wangu. Soja halipi welfea. Welfea ndo inamlipa yeye.

Nimeiweka kwa mengineyo, mkutano wa mwezi ujao.